Vitu vitatu bustanini kwangu sivijui, na kimoja kinakimbia

Mwalimu_Pongwe
Jumamosi, saa 2:15 asubuhi

Habari za asubuhi wakulima wenzangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Pongwe hapa Tanga. Nasema bustani lakini msije mkafikiria shamba. Ni kipande cha nyuma ya nyumba, kutoka jiko la nje mpaka ukuta wa jirani, hatua 22 kwa 14, nimepima kwa miguu yangu. Kuna mipapai mitano, mlimau mmoja, matuta manne ya mchicha na bamia, na makopo ya rangi kama ishirini yenye mirehani na pilipili, ambayo marehemu mzee wangu alikuwa akisema siku moja tutayatupa. Hayajatupwa.

Picha sina. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya samadi mwezi uliopita, na tangu hapo kila picha inatoka kama imepigwa ndani ya glasi ya maziwa. Kwa hiyo nitaeleza kwa maneno. Nimefundisha sayansi miaka mingi, kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto "angalia kwanza, halafu eleza ulichokiona, si unachokidhani". Leo zamu yangu, mnisahihishe.

La kwanza ni mipapai. Mitatu kati ya mitano imejaa kitu cheupe upande wa chini wa majani na pale matunda yanaposhikana na shina. Kwa mbali utasema mtu kapita akirusha unga wa sembe. Kwa karibu ni kama pamba iliyochambuliwa. Ukigusa inanata. Majani ya chini yamekuwa meusi kama sufuria ya kuni, na matunda machanga yanadondoka. Sisimizi wanapanda na kushuka kutwa nzima utadhani wanalipwa. Nilijua ni ukungu, nikawa nanyunyiza maji ya sabuni ya kufulia, mara tatu ndani ya wiki mbili. Kilichonileta hapa ni hiki: katikati ya ule weupe kuna vingine vyeupe vikubwa kidogo, vina nyuzi ndefu pande zote kama dekio. Vile vya kawaida ukivigusa kwa njiti vinakaa tu. Hivi vya dekio vinakimbia. Ukungu haukimbii.

La pili ni mmea. Kijana wa mkokoteni aliniletea samadi, nikaiweka tuta la tatu. Wiki kadhaa baadaye, pamoja na mchicha, ikachipua miche minane ambayo mimi sikuipanda. Ilipokuwa midogo ilijichanganya na mchicha vizuri tu, nikaiacha. Sasa mkubwa unanifika gotini. Majani mapana, pembeni yamechongoka bila mpangilio, kama karatasi iliyokatwa na mtoto kwa mkasi butu. Shina nene, laini, lina zambarau kwa chini, na linagawanyika mawili, kila tawi tena mawili. Mzee wa jirani anasema ni mboga, kwao waliila. Mimi sijaila. Ila binti anayenisaidia kazi za nyumbani alichuma vile vichanga juzi akaviweka pamoja na mchicha, nikaviona kwenye ungo wakati wa kuchambua, nikavitoa kimoja kimoja. Sijui kwa nini nilivitoa. Roho ilikataa tu.

La tatu, kitu cheusi. Nilimwaga kopo la mrehani nibadilishe udongo, kikatoka kitu kama kamba ya kiatu, cheusi kinang'aa, urefu hauzidi kiganja changu. Miguu hakina. Pete za mnyoo sikuziona. Kichwa kipi mkia upi sikutofautisha. Kikazama udongoni kama maji. Binti alikimbia, mimi nikabaki, na si kwa ujasiri, goti halikunipa ruhusa.

Naomba mwenye kujua aniambie, na mwenye kudhani aseme anadhani.

Fundi_Bomba
Jumamosi, saa 2:40 asubuhi

Mama, namba 1 ukungu huo, wala usijisumbue. Nenda duka la pembejeo wakupe dawa ya ukungu, changanya na ya wadudu humo humo, piga asubuhi piga jioni. Namba 2 ndulele. Namba 3 mnyoo. Mwaka wa tisa huu nabeba bomba mgongoni hapa Tanga, hakuna kipya.

Kitalu_Moro
Jumamosi, saa 4:05 asubuhi

Shikamoo mwalimu. Fundi, punguza mwendo kaka, mwalimu kasema kinakimbia.

Nina kitalu cha miche Morogoro. Kila wiki anakuja mtu na jani moja ndani ya mfuko, limeshasinyaa, anauliza "hii nini?" Ni kama kuonyeshwa kandambili ukaulizwa mwenyewe ni nani. Maelezo yako mwalimu yanashinda picha nyingi zinazoletwa hapa, nakuomba uyaongeze kidogo tu upande wa ule mmea.

Sugua jani kwa vidole, nusa, useme linanuka nini hata kama jibu unaliona la kijinga. Angalia shina na mishipa ya jani kama kuna miiba au vinyoya. Ua lipo? Rangi gani, umbo gani, linaangalia juu au linaning'inia, linafunguka saa ngapi? Tunda je? Kata moja uone ndani limegawanyika vipi. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa macho. Nasisitiza macho. Na mpaka tumalize, mmea huo usiingie jikoni, si kwako wala kwa mzee wa jirani. Nina ninachokihofia lakini sikitaji, nisije nikakuwekea jibu mdomoni.

Ndulele aliyoitaja Fundi ina miiba, jani lake lina vinyoya vya kijivu ukilishika kama blanketi, ua zambarau, matunda mviringo yanayoiva manjano. Wewe umesema shina laini. Hapo haikai.

Namba 3 naijibu sasa hivi. Huyo si mnyoo, ni nyoka, lakini usihame nyumba. Anaitwa Indotyphlops braminus, nyoka mdogo kuliko wengi unaowajua, asili yake Asia ya kusini, na amezunguka dunia nzima ndani ya udongo wa vyungu vya maua. Wazungu kwao wanamwita nyoka wa chungu cha maua. Hana sumu, na mdomo wake mdogo kiasi kwamba hata akitaka kukuuma hawezi. Macho yake ni vidoa viwili vyeusi chini ya magamba, ndiyo maana kichwa hukukiona. Mkiani ana kijiti kidogo kama ncha ya sindano, ukimshika anakuchoma nacho kidogo, watu wanasema ana mwiba wa sumu, hamna kitu. Anakula mayai na watoto wa sisimizi na mchwa. Na jambo moja litakalomfurahisha mwalimu wa sayansi: wote ni majike. Dume halijulikani. Anataga bila mume, kwa hiyo mmoja tu kwenye kopo moja anatosha kuanzisha ukoo.

Bi_Mnarani
Jumamosi, saa 7:30 mchana

Mwalimu, pole sana. Mimi niko Kilifi, na hao weupe nawajua kama niwajuavyo mawifi zangu. Ni vidung'ata, wadudu wadogo. Na kwa vile wako kwenye mpapai na wamejazana shingoni mwa matunda, nadhani (umesema anayedhani aseme anadhani) ni vidung'ata wa mpapai wenyewe, Paracoccus marginatus kwa jina la kitaalamu. Asili yao Meksiko na nchi za jirani zake. Afrika walionekana Ghana mwaka 2009, na huku Pwani ya Kenya wakatangazwa 2016. Sisi mwanzo twalidhani ni vumbi la malori ya mawe. Nilipoteza mipapai 11 msimu mmoja.

Fundi hakukosea yote. Ule weusi ni ukungu kweli, lakini umekuja mwisho. Kidung'ata anyonya maji ya mti, mengi yampita, ayatoa nyuma yakiwa matamu. Yakidondokea majani ya chini, ukungu mweusi waota juu ya ile sukari. Sisimizi nao wafuata sukari hiyo hiyo, na humlinda kidung'ata kama mtu alindavyo ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo ukipiga dawa ya ukungu, waosha sahani na mpishi angali jikoni apakua.

Kuna jaribio la kuwatambua, nalo halitaki maabara. Chukua spiriti ile ya kusafishia vidonda, mimina kwenye kizibo cha soda, tumbukiza vidung'ata watano sita, uwaache mpaka kesho au kesho kutwa. Wa mpapai hugeuka weusi wenye kuelekea buluu. Na kabla ya hapo mfute mmoja ule unga kwa ncha ya brashi: wa mpapai huwa manjano chini yake, ilhali yule wa muhogo ni wa rangi ya waridi.

Sasa hao wa dekio. Mwalimu, wacha sabuni leo hii. Wale sio vidung'ata, ni watoto wa mbawakawa mdogo sana, jamaa ya yule mviringo mwekundu mwenye madoa meusi ambaye watoto humtembeza kidoleni. Hutoa nta nyeupe mwilini, ikawa kama nyuzi. Sisimizi apita karibu, aona weupe, adhani ni mifugo yake. Na yeye humo ndani ala vidung'ata mmoja baada ya mwingine. Mgeuze mmoja chali juu ya karatasi nyeusi utaona miguu sita yachapa kazi. Ukitaka hakika zaidi mtie kwenye chupa ya glasi pamoja na kipande cha jani lenye vidung'ata, ufunike kwa kipande cha kanga kuukuu na mpira. Mwongeze chakula kila siku mbili. Utamwona anapobadilika.

Sisi kilichotusaidia: kukata majani na matunda yaliyojaa sana na kuyafukia, kupiga maji ya mpira kwa nguvu upande wa chini, na kuwakatia sisimizi njia. Funga mkanda wa plastiki kwenye shina, juu yake upake grisi. Usipake grisi kwenye ganda la mpapai lenyewe, litaungua. Nilijifunza kwa hasara. Halafu angalia hata vidung'ata waliokauka wakawa kahawia na wana tundu dogo mgongoni. Hao wametobolewa na nyigu mdogo kuliko chembe ya pilipili manga, ataga ndani yao. Huku Pwani mwaka 2021 wataalamu walianza kuachia nyigu mmoja wa aina hiyo, Acerophagus papayae, aliyeletwa kutoka Ghana. Ukiona tundu, dawa kali ndiyo usiiguse kabisa.

Neema_T
Jumamosi, saa 8:10 mchana

Mwalimu azima simu ya mtu, kuna programu unapiga picha jani inakwambia jina papo hapo. Mimi natumia.

Kitalu_Moro
Jumamosi, saa 8:25 mchana

Neema, nami ninayo. Wiki jana nimeipa picha ya mche wa kunde nilioupanda kwa mkono wangu, ikaniambia ni mmea wa Marekani wenye jina refu. Inasaidia kwa maua makubwa ya mapambo. Kwa miche michanga ya jamii ya nyanya, bilinganya na mnavu, ambayo mingine ni chakula na mingine ni sumu, siwezi kumwachia simu.

Mwalimu_Pongwe
Jumapili, saa 1:50 usiku

Marahaba Kitalu, na asanteni wote. Nimefanya kazi niliyopewa.

Harufu: nilisugua nikanusa, ni mbaya. Nimekaa muda nikitafuta neno. Karanga zilizosagwa zikasahaulika kabatini mpaka zikachacha, hapo ndipo nilipofika. Binti kasema panya. Mzee wa jirani kasema hasikii kitu, ila yeye anavuta sigara tangu enzi za kata za mkonge.

Miiba kwenye shina hakuna. Vinyoya labda kidogo sana kwenye vichanga.

Ua: asubuhi nilipoangalia lilikuwa limejisokota kama mwavuli uliofungwa, nikasema bado. Nikarudi saa moja jioni na tochi, limefunguka. Jeupe, refu kama kidole cha kati, umbo la tarumbeta, linaangalia juu, na lina harufu nzuri, tofauti kabisa na jani. Lipo moja kwenye kila panda ya tawi.

Tunda: kwenye ule mkubwa yapo mawili, ya kijani, ukubwa wa limau dogo, yamesimama wima, yana miiba pande zote. Nimekata moja kwa kisu cha zamani. Ndani vyumba vinne, mbegu nyingi nyeupe bado changa.

Mikono nimenawa mara mbili.

Kitalu_Moro
Jumapili, saa 2:20 usiku

Mwalimu, umeeleza mpaka sina la kuuliza. Huo ni mnanaha, Datura stramonium. Tarumbeta jeupe linaloangalia juu na kufunguka jioni, tunda la miiba lililosimama, vyumba vinne. Kuna ndugu yake, Datura metel, nao watu wa pwani wanauita mnanaha, ila tunda lake linainama. Kwa sumu hawatofautiani cha maana.

Roho yako ilikataa vizuri. Kila sehemu ya mmea huu ni sumu, mbegu hasa. Una atropini na skopolamini. Aliyekula mdomo unakauka, mboni za macho zinapanuka akawa hawezi kutazama mwanga, ngozi inakuwa ya moto, moyo unakwenda mbio, kisha anaanza kuweweseka na kushika vitu ambavyo havipo. Ikitokea, hospitali moja kwa moja, na chukueni tawi la mmea muende nalo, daktari aone. Maziwa na mafuta ya nyumbani yanapoteza muda tu. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, karibu watu 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada ulioingiliwa na sumu za mmea wa jamii hii. Haukuwa uchawi wala njama, mmea unaota katikati ya mazao shambani na mbegu zinavunwa pamoja.

Kwako umeingia kwa samadi. Ng'oa yote kesho ardhi ikiwa na maji, vaa mifuko ya plastiki mikononi, usijifute jasho usoni. Ukipata maji yake jichoni, mboni inapanuka jicho hilo moja na utadhani umepatwa na kiharusi. Usichome moto, usimpe mbuzi. Matunda yatoe kwanza uyafunge kwenye mfuko mgumu, hata yakiwa mabichi. Mbegu zake zinaweza kukaa udongoni miaka mingi sana zikingoja, kwa hiyo tuta la tatu usiwe unachuma mchicha gizagiza. Mwonyeshe binti ule mche mchanga: harufu ndiyo itakayomsaidia, mchicha haunuki karanga zilizochacha.

Mzee wa jirani asionekane muongo. Nadhani kachanganya na mnavu, ambao majani yake yanapikwa kweli. Mpeleke ua akalione.

Fundi_Bomba
Jumapili, saa 3:00 usiku

Sawa, mnanaha nakubali. Lakini vidung'ata bila dawa mnadanganyana. Mimi nina mteja Raskazone, mipapai 40, kila wiki napiga, na mwaka jana tulivuna.

Bi_Mnarani
Jumapili, saa 3:15 usiku

Kila wiki, Fundi? Na bado wapo? Basi na uwaulize kwa nini. Wamevaa nta, dawa yateleza kama maji juu ya jani la myugwa. Wanaokufa kwanza ni hao wa dekio na yule nyigu. Mteja wako alipa kila wiki kwa sababu walinzi wake mwawaua nyinyi wenyewe.

Fundi_Bomba
Jumapili, saa 3:17 usiku

Mteja analipa ndiyo kazi yenyewe 😂

Fuoni_Kwetu
Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Assalaam alaykum. Mwalimu samahani naparamia uzi wako. Mimi nipo Fuoni, Unguja. Kwenye mndimu wangu kuna kinyesi cha ndege juu ya majani, naapa kinatembea. Nimemgusa mmoja mkubwa, huyo alikuwa kijani, akatoa pembe mbili nyekundu kichwani na harufu kali. Mke wangu anasema ni mtoto wa nyoka. Nimuue?

Bi_Mnarani
Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Waalaykum salaam. Kiwavi huyo, atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, Papilio demodocus. Mdogo hujifanya kinyesi ili ndege wasimtake, akikua huwa kijani afanane na jani. Zile pembe si mfupa, ni kifuko laini akitoa nje ukimkera, anuka lakini hakudhuru. Mndimu mkubwa mwache, hauwezi kufa kwa viwavi wanne. Mche mdogo waokote kwa mkono, wataumaliza majani. Mke wako mwambie nyoka hataki ndimu.

Mwalimu_Pongwe
Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa 11:30 jioni

Narudi na majibu, nisiwe kama wale wanaouliza wakapotea.

Mnanaha nimeung'oa wote minane. Mzee wa jirani nilimpelekea ua ndani ya mfuko. Alilitazama, akaligeuza, akakaa kimya, akasema kwao ule mboga ulikuwa na vitunda vyeusi vidogo kama shanga ambavyo watoto walikuwa wakila. Mnavu. Kitalu ulikuwa sahihi. Mzee akaniuliza mara mbili kama nina hakika sikuupika. Jina lenyewe nalikumbuka kwa bibi yangu. Mtu akiongea peke yake njiani alikuwa akisema "huyo kalishwa mnanaha", nami miaka yote hiyo nikidhani mnanaha ni aina ya pombe. Tunda moja lililokuwa limekomaa nilikaa nalo na glavu nikihesabu mbegu juu ya gazeti. Nilipofika 300 nikaacha, na zilikuwa zimebaki.

Spiriti: niliweka vidung'ata sita usiku wa Jumatatu. Jumatano asubuhi walikuwa weusi kama mbegu za papai lenyewe, ukitazama kwenye jua kuna ubuluu. Bi Mnarani, ni hao hao.

Wa dekio niliwatia kwenye chupa ya jemu, watatu. Nawaandikia kila siku kwenye daftari kama zamani. Siku ya kwanza nilihesabu vidung'ata 31 kwenye kipande cha jani, siku ya tatu wakabaki 9 na maganda matupu. Mmoja alikufa, nadhani nilimbana na kifuniko. Wawili wakajishikiza kwenye kioo wakatulia ndani ya zile nyuzi zao, nikadhani nao wamekufa. Leo saa nne nimemkuta mmoja ametoka. Mbawakawa, mviringo, kahawia iliyokolea, mdogo kuliko punje ya mtama. Ningemkuta nje nisingemjali. Na hawa ndio niliokuwa nawaogesha sabuni wiki mbili, nikiwafuata mmoja mmoja kwa sababu walikuwa wanakimbia, na mimi tangu darasani nilikuwa naamini anayekimbia ndiye mwenye kosa. Kuna wanafunzi wangu wawili watatu nimewakumbuka leo.

Mipapai: mmoja nimeukata, ulishakwisha. Mikanda ya grisi imewazuia sisimizi wa mashina mawili, ule wa tatu wamepitia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Kamba nimeihamisha.

Nyoka wa kopo nimemrudisha kwenye mrehani. Binti hataki tena kuumwagilia.

Fundi_Bomba
Ijumaa, saa 12:20 jioni

Mama shikamoo. Hao wa dekio wamebaki wangapi hapo kwako? Yule mteja wa Raskazone nimemsomea hii habari, anataka tujaribu mipapai kumi bila bomba. Naweza kupitia kesho nichukue wachache?

Mwalimu_Pongwe
Ijumaa, saa 12:45 jioni

Marahaba. Wapo, kwenye mpapai wa karibu na jiko nimehesabu 17. Njoo saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Lete chupa yenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo kabisa. Bomba liache nyumbani.